Mzee Radko na Besi ya Nyumbani Kwake

Mzee Radko Tonev anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, baada ya miaka thelathini na minne ya kutambaa katika sebule za watu wa mji wetu wa Gabrovo. Bosi ameniagiza niandike maneno ya kumuaga, kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nimechoka, na kuanzia Jumatatu nitachoka zaidi, maana pedi zake za magoti nimezirithi mimi.

Alianza hapa dukani mwaka 1991 akibeba maboksi ya spika, kisha akawa fundi wa kwenda majumbani. Mteja analalamika kwamba sabufa yake haina besi, anataka kubwa zaidi. Mzee Radko anafika, anavua viatu, anavaa ndara za wageni, halafu anaipandisha sabufa kwenye kochi, pale pale anapokaa mwenye nyumba. Anawasha wimbo na kuanza kutambaa kandokando ya kuta, sikio likiwa chini. Pembeni sauti inavimba na kunguruma. Katikati ya chumba inafifia kabisa. Akifika mahali ambapo noti nzito zote zinasikika sawasawa, anabandika utepe, na sabufa inahamia hapo, maana besi inayosikika vizuri pale ikitoka kochini, itasikika vizuri kochini ikitoka pale. Mara nyingi hakuuza kitu. Mji ukampenda kwa hilo, kwani mtu wa Gabrovo ni bahili, hanunui kipya ikiwa cha zamani kinaweza kusogezwa tu. Bosi alimpenda kwa kiasi.

Adui yake alikuwa nyundo. Katika maghorofa yetu ya zege kila mtu hufunga roshani kwa vioo, akabomoa ukuta, akajivunia sebule pana. Ikitokea mraba kamili, noti moja hurundikana na nyingine zinatoweka. Bwana Penchev alibomoa ukuta mwezi Mei, Oktoba akatuita.

"Bwana, ubomoe wewe, nitambae mimi?" Mzee Radko alimuuliza, naye tayari yuko sakafuni.

Alitambaa kwa muda wa saa nne. Mwishowe kabati la vitabu likahamishwa, na Bwana Penchev akatupa mitungi miwili ya turshia, achari yetu ya mboga.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hamlijui. Mganga hajigangi. Nyumbani kwake Mzee Radko hajawahi kusikia besi. Kochi lao liko katikati kabisa ya sebule, mahali pabaya kuliko pote, na hakuwahi kuthubutu kuligusa. Mkewe, Ginka, anaumwa mgongo, na hapo ni karibu na hita. Ginka naye hakuwahi kuelewa mumewe anatambaa akitafuta nini. Mwaka jana Mzee aliniambia kwamba sauti nyembamba zimeanza kumtoroka masikioni, zimebaki nzito tu. Iliniuma.

Kwa hiyo tukachanga, na Jumapili iliyopita tukampelekea sabufa. Lifti ilikuwa mbovu, ghorofa ya sita. Alitambaa mara yake ya mwisho, huku magoti yakilia kuliko spika, akazunguka chumba kizima, akaketi sakafuni.

"Hakuna mahali," alisema. "Tatizo ni kochi. Basi, acheni."

Ginka akatoka jikoni na banitsa, pai yetu ya jibini, mkononi. "We Radko, umesogeza makochi ya wanawake wa watu mji mzima, langu ndilo umeliogopa?"

"Mgongo wako, Ginka. Hita."

"Hita gani? Ina miaka kumi haipati moto! Nimekaa hapo kwa sababu kochi uliliweka wewe."

Tulilivuta nyuma hatua mbili. Mzee alibandika utepe, nikaiweka sabufa, tukawasha wimbo wa klarineti anaoupenda. Wakaketi wote wawili. Kufika ubeti wa pili, Mzee wetu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Ginka akainua kidole tunyamaze. Besi ilipoingia alishika mkono wa kochi, kisha akashika kifua chake.

"Kumbe ndiyo hii?" alininong'oneza. Akamgeukia mumewe amwambie, akaghairi, akamfunika blanketi.

Asante, Mzee Radko, kwa magoti yako. Tunakuombea siku nyingi za kukaa kitako, na afya ya kuzifaidi. Na kwa kuwa Ginka ameniambia ataona haya kulisema mbele za watu, nakuandikia mimi: uliposinzia, aliisikia.