Kijiwe Kizima cha Wajane

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani, tundu la kitasa bado lipo, umelazwa juu ya matofali kati ya meza ya Fundi Saa na jiko la mkaa la Mama Birika. Spika, ambaye hajawahi kuwa spika wa kitu chochote ila ana sauti ya kutosha mabunge mawili, hukaa katikati. Fundi Saa hukaa pembeni, kioo cha kukuzia jichoni hata anapobishana. Mama Birika hakai, anamimina kahawa. Hapa ndipo nilipogawa madodoso ya utafiti wangu wa uzamili, kuhusu mahali watu wanapopata habari, na hapa ndipo nimerudi leo asubuhi, hasira zimenifika puani. Msimamizi amenirudishia tasnifu. Ameandika kwa kalamu nyekundu: “Majibu ya kijiwe hiki yote ni yale yale. Umejaza mwenyewe?” Nisipompa maelezo leo, jina langu linatolewa kwenye orodha ya wanaotetea tasnifu, na mama yangu atanisomesha mwaka mwingine kwa cherehani ile ile.

Spika: Karibu, msomi! Umeshakuwa daktari?

Mimi: Hata huo uzamili sijaupata, Spika. Naomba mniambie, yale madodoso mliyajazaje?

Spika: Vizuri sana. Kwa kalamu.

Mimi: Nauliza, kila mtu alijaza la kwake?

Wakanitazama kama watu waliokuwa wakisubiri pongezi wakaletewa polisi.

Fundi Saa: Dada, unawezaje kumwachia kila mtu karatasi aiharibu anavyotaka? Tulikaa kikao. Spika akasoma swali, watu wakabishana, likapatikana jibu la heshima, wote tukaandika hilo. Tungekuaibisha chuoni, huyu anasema hivi, yule anasema vile?

Mimi: Hata jinsia mlibishania?

Spika: Jinsia ilituchelewesha kidogo. Ila wanaume walikuwa wengi, ikapita.

Mama Birika: Ndiyo maana mimi ni mwanaume, mwanangu. Nilipinga, nikazidiwa kura.

Mimi: Na hali ya ndoa? Fundi, hapa wewe ni mjane. Mkeo nimempita sasa hivi anachagua nyanya!

Fundi Saa: Aliyefiwa ni yule mzee mshona viatu wa hapa kijiweni. Tungemwacha awe mjane peke yake kwenye karatasi? Tukaona bora tuwe wajane wote.

Nikanywa kahawa ili nisiseme nililotaka kusema. Nimesoma sampuli, nimesoma uhalali wa data, nimesoma maadili ya utafiti mpaka macho yakauma, na hakuna kitabu hata kimoja kilichonionya kuhusu wahojiwa wenye huruma.

Mimi: Sasa mwalimu anasema nimepika majibu.

Spika: Aa, huyo ana wivu! Ameona binti mdogo amekusanya hekima ya watu wazima.

Fundi Saa: Wivu wapi? Anaitaka kazi yako. Anasubiri ukate tamaa, aitoe kwa jina lake, aalikwe kwenye mkutano wa kimataifa, apewe lile begi lenye nembo.

Spika: Mambo ya begi hayo ni madogo. Mimi najua vyuo vina mtambo. Tasnifu ikiingia tu, inapelekwa ng’ambo. Huko kuna watu wanataka kujua tunasikia nini, ili watubadilishie tunachosikia. Sasa wamekuta kijiwe kizima kinajibu kwa sauti moja. Hawalali!

Mama Birika: Hayo umeyasikia wapi?

Spika: Yanajulikana.

Fundi Saa: Hata mimi niliyasikia. Na huo wino mwekundu si wa kawaida. Lete hapa.

Akaninyang’anya tasnifu yangu, akaiinamia na kioo chake kama anatibu saa ya mfalme.

Fundi Saa: Naona vidoti. Hizi ni ishara, dada. Wanawasiliana.

Mimi: Ni kahawa, Fundi! Umeidondoshea sasa hivi!

Nikaifuta kwa mtandio. Kisha nikatoa madodoso mapya, nikawapanga kama wanafunzi watukutu: Spika atazame barabara, Fundi atazame ukuta, Mama Birika atazame jiko lake. Nikawaambia ni marufuku kuongea, marufuku kuchungulia, na kwamba leo kila mtu ana ruhusa ya kuwa na mke wake. Kalamu zikaanza kutembea. Nikajidanganya kwamba utafiti unaendelea.

Fundi Saa (kwa ukuta): Hili la chanzo kikuu cha habari mmewekaje?

Mimi: Fundi!

Spika (kwa barabara): Weka redio.

Mama Birika: Nami niweke redio?

Spika: Redio ina hadhi. Hiki ni chuo kikuu, mama, usituletee mambo ya jikoni.

Mimi: Jamani, nawaomba. Kila mtu aandike la kwake!

Spika: Si ndilo hilo? La kwangu ni redio, la kwake ni redio. Tukikubaliana imekuwa kosa?

Nilikuwa natafuta neno la kumjibu ambalo lingefaa kusemwa mbele ya Mama Birika. Wakati huo dada mmoja, mgeni kabisa, alikuwa ameketi mwisho wa benchi akingoja Fundi amalize kuandika amkatie mkanda wa saa. Akasogea.

Mgeni: Samahani jamani, simu yangu imeisha chaji tangu jana. Hiyo redio imesema nini leo?

Hakukuwa na mtego ndani yake. Alitaka kujua tu.

Spika akafungua mdomo, ukabaki wazi bila kazi. Akamgeukia Fundi. Fundi akatoa kioo jichoni, akamgeukia Mama Birika. Mama Birika, birika mkononi, akamgeukia Spika. Kisha wakazunguka tena, polepole, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze ili naye aseme aliyasikia hayo hayo.

Nikapiga simu palepale, kabla sijapoteza ujasiri. Msimamizi akapokea kwa sauti ya mtu aliyeingiliwa katika chai yake.

— Mwalimu, sikujaza mimi. Walijaza wao, kwa kikao.

— Kikao? Na unataka niamini kwamba watu wote hao chanzo chao kikuu cha habari ni redio?

— Hapana, mwalimu. Hawana habari na redio.

— Basi chanzo chao ni kipi?

Nikawaangalia.

— Usikate, mwalimu. Wanatazamana.