Simbilisi wa Najiat

Ijumaa ile Mustafa alikuwa na abiria wawili tu kwenye bajaji yake, wasiojuana, na tangu walipopanda kule Kitete masikio yake yalikuwa nyuma kuliko barabarani. Mama aitwaye Najiat alipakata kikapu chenye simbilisi aliyefungwa bendeji tumboni, kapasuliwa juzi kutolewa jiwe la kibofu.

"Kitoweo hiki mmekifanyia opareshoni?" aliuliza mzee wa kando yake, kanzu nyeupe ikinukia udi.

"Shikamoo, mzee wangu. Kitoweo kwako. Kwangu huyu ni Bi Mkubwa."

"Marahaba. Hebu nimwone, mimi fundi cherehani." Akampakata, akachungulia chini ya bendeji. "Lahaula! Mshono gani huu? Mimi hata gunia nisingelishona hivi."

"Mshono si neno. Tangu jana namlisha majani ya kusaga kwa bomba la sindano, na choo hajapata. Daktari kasema leo ikipita hivi hivi, tumemkosa."

Mustafa akaanza kukwepa mashimo, heshima ambayo hajawahi kumpa binadamu.

Walipofika mlangoni mwa msikiti, mzee aligutuka. Juu ya kanzu vilitulia vidonge vitano vyeusi. Akainua mkono avipanguse.

"Usivipanguse!" Najiat alimdaka mkono, na udhu wa mzee ukaondoka hapo hapo. "Alhamdulillahi! Tulia hivyo hivyo, baba yangu, daktari kasema nimpelekee avione."

Mustafa akazima injini. Muadhini akaanza kuadhini.