Salamu Hazimwoshi Mtu

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii, Baba Askofu, matroni na wauguzi wote, ndugu wageni waalikwa, nanyi wagonjwa mliosukumwa kwa viti vya magurudumu mje kumuaga mchungaji wenu: nawasalimu.

Mmenisifu mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mwingine anayesemwa. Kusema kweli, nimechoka. Magoti yanalalamika kwenye ngazi, na sala nyingine huniishia mdomoni.

Niwape habari ya dereva mmoja wa lori. Gari lilipinduka, akakatwa mguu, kidonda kikaoza. Akagoma kula, akagoma dawa. Nikamwambia, "Mwanangu, Mungu alifanyika mtu kama wewe."

Akajibu bila kunitazama, "Kama mimi? Mimi nanuka, mchungaji."

Wodi nzima ilijua kuwa ni kweli.

Ndipo akafika dada yake mkubwa, muuza mkaa, vumbi la safari bado usoni.

"Dada, rudi. Usinione hivi."

"Nimekuogesha ukiwa mchanga, leo ndiyo nikuonee kinyaa?"

Akavua viatu, akapanda kitandani, akampakata, akaanza kumwosha. Hakuhubiri. Aliguna tu, maana mgongo ulimuuma. Yule dereva, pande la mtu, akalia kwa sauti.

Alipotulia akaniuliza, "Huyo Mungu wako alipokuwa mtu, alichoka kweli, au alijifanya?"

"Alichoka kweli. Jua likiwa kali alikaa kando ya kisima, akamwomba mwanamke maji."

Akafikiri. Kisha akasema, "Dada, na mimi nipe maji."

Akanywa. Jioni akala. Hata hivyo kidonda kilimshinda. Alifariki juma lililofuata, mikononi mwa dada yake. Sikuwa na maneno mazuri siku ile, na leo pia sinayo. Ila nauliza: je, Mwenye mbingu alikosa wa kumtuma atuletee salamu? Malaika walikuwa wamekwisha? Alikuja mwenyewe, akazaliwa, akaona njaa, akaumia, kwa sababu salamu hazimwoshi mtu.

Mdogo wangu unayepokea kazi hii, utachoka. Usione aibu, hata uchovu huu Mungu aliuvaa. Siku utakapoishiwa maneno, usiishie mlangoni. Ingia, vuta kiti, mshike mgonjwa mkono.

Mmemvumilia mzee aliyechoka, mkamsikiliza mpaka mwisho. Asanteni sana.