Bakuli la Sukari kwenye Kliniki ya Kisukari

"Kuweka bakuli la sukari kwenye kliniki ya kisukari ni sawa na kuweka kiberiti kwenye ghala la petroli." Ndivyo alivyotamka mkaguzi wa hospitali yetu mwezi uliopita, na wapo waliotikisa vichwa kumuunga mkono. Amekosea. Nafurahi amekosea hadharani, maana amenipa pa kuanzia kumsifu mwenye bakuli: muuguzi mkuu wa kliniki hiyo, ambaye sote, hata daktari aliyemzidi umri, tunamwita Shangazi. Anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Mkaguzi anadhani sukari ni adui. Sukari ni kuni za mwili. Balaa ni zikizidi, na balaa kubwa zaidi ni zikiisha ghafla. Kongosho, tezi iliyojificha nyuma ya tumbo la chakula, hutoa homoni mbili zinazopokezana zamu. Ukila, insulini huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli na ini. Ukikaa na njaa, glukagoni huliamuru ini lirudishe akiba. Shangazi huwaambia wagonjwa hivi: "Kongosho ni mpishi anayeonja kabla ya kutia chumvi. Sindano haionji, inatia tu."

Hilo alilishuhudia kwa macho yake. Zamani wagonjwa waliagizwa waje na njaa ili wapimwe damu, lakini hakuna aliyewaambia wangoje kujidunga. Asubuhi moja fundi wa kuchomelea mageti alijidunga insulini nyumbani, akaja na tumbo tupu kama alivyoagizwa, akakaa kwenye foleni ndefu. Insulini iliendelea kufagia sukari iliyokwisha kupungua, na glukagoni, ambayo kwa wagonjwa wa miaka mingi huwa nzito kuitika, haikumwokoa. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, kisha matusi yakafuata.

Mlinzi akamshika mkono. "Mzee, ulevi mapema yote hii? Twende nje."

"Niache, mpumbavu we! Nani mlevi?"

Shangazi akatokea na kikombe chake cha chai. Akamuuliza fundi kama amejidunga. "Si ndiyo dawa?" Je, amekula? "Nile vipi, na ninyi mmesema nije na njaa!"

Hakungoja zaidi. Fundi bado alikuwa anaweza kumeza, akamnywesha chai yote. Na chai ya Shangazi, tuliomcheka kwayo miaka nenda rudi tunajua, ni sukari iliyoonjeshwa maji. Baada ya muda fundi akatulia, akamtazama mlinzi, akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona umenikamata kama mwizi wa kuku?" Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mlinzi ndiye aliyeanza kucheka.

Tangu hapo wanaojidunga huja na sindano na chakula chao, hupimwa kabla ya wengine wote, hujidunga, kisha hula papo hapo. Na bakuli likawekwa mezani. Wauguzi wote tulionao leo kwenye kliniki wamefundishwa na Shangazi mbele ya bakuli hilo, tena kwa sauti inayosikika hadi maabara.

Mkaguzi alitaka liondolewe, lakini juzi kikao cha kliniki na wagonjwa wake kiliamua libaki. Fundi, sasa babu wa wajukuu, alisimama akasema, "Mkiliondoa, niondoeni na mimi." Mkaguzi mwenyewe, tumpe haki yake, alinyoosha mkono kukubali. Usiku ule nililala kama mtoto.

Shangazi, ahsante. Pumzika sasa, na siku zako ziwe tamu kama chai yako.

Nanyi mnaobaki zamu ya asubuhi, pamoja na mlinzi wa mlangoni, nawadai mambo mawili. Kabla hamjamwita mtu mlevi, mpimeni sukari. Na bakuli lile lisikutwe tupu, hata siku moja.