Mwalimu Drusilla na Mshono wa Mwisho wa Kofia

Mwalimu Drusilla Kemuma anastaafu leo, tarehe 31 Machi 1978, baada ya miaka kumi na saba ya kufundisha ufumaji katika kituo chetu cha akina mama, hapa kwenye ukungu wa vilima vya Manga. Wakuu wa kituo wamekuja na kuondoka, kila mmoja na hotuba yake ya maendeleo. Yeye na duara lake la misumari wamebaki.

Duara hilo alilileta mwenyewe mwaka 1961: ubao wa mviringo uliopigwa misumari kuzunguka ukingo, pamoja na waya wa gurudumu la baiskeli uliopindwa ncha ukawa kulabu. Akina mama waliozoea kusuka vikapu walilicheka. Krismasi ilipofika, waume zao walikuwa wanakwenda shambani asubuhi na kofia za sufu, na kicheko kikaisha.

Mafundisho yake yalifuata utaratibu kama ibada. Kwanza mshono wa kuzungusha: uzi unazungushwa kwenye kila msumari, duru mbili, kisha kitanzi cha chini kinainuliwa kwa kulabu na kuvushwa juu ya kile cha juu. Halafu mshono bapa, ambao uzi hulazwa tu mbele ya msumari, na kofia hutoka imara zaidi. Halafu mshono wa kinyume, ambao uzi hupita chini ya kitanzi. Ukichanganywa na ule bapa, hutoa ukingo unaovutika vizuri masikioni. Mwanafunzi aliyekaza uzi kupita kiasi aliambiwa kwamba hapa tunafuma, hatufungi ng'ombe.

Baada ya hapo somo lilisimama. Kofia ilikuwa bado kama mkono wa sweta, wazi huku na huku, na mshono wa kufunga utosi Mwalimu aliufanya peke yake, nyumbani kwake Sironga, mlango umefungwa. Wahitimu walipewa vyeti vya kufuma kofia, wakapigiwa makofi na mgeni rasmi, kisha wakapanga foleni kwa Mwalimu na kofia zisizo na utosi. Ofisi haikuona ajabu, maana kila mwenye cheo ana mshono wake wa mwisho. Mkuu wetu wa sasa, Bwana Alfayo Ombati, hutembea na funguo za stoo mfukoni, na akisafiri kwenda Kisumu kituo kizima hukosa chaki.

Hakuna aliyekwenda Sironga mikono mitupu. Bathsheba Nyanchera wa Keumbu alijitwika mkungu wa ndizi kwa kila kofia, akakaa hadi chai ikaisha na habari za kijiji zikaisha pia. Jumamosi hapakufungwa kitu, kwa kuwa Mwalimu hushika Sabato.

Mwaka 1972 Mwalimu alilazwa hospitalini majuma kadhaa. Mlinzi wetu, Mzee Nyasani, aliamua kuvaa kofia yake hivyo hivyo, akieleza kwamba kichwa cha mlinzi kinahitaji hewa. Vijana wa soko la Keumbu, ambao wakati ule walifuga nywele za Afro, wakaona hapo ndipo pa kuzipitishia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hizi zilichungulia kwa juu. Mwalimu alirudi akakuta watu wanaagiza kofia zisizo na utosi kwa kupenda. Tulidhani atacheka. Alilia mbele yetu sote, kisha akamvua Mzee Nyasani kofia yake akaenda nayo kuifunga.

Mwezi uliopita Bwana Ombati alitangaza kwamba Mwalimu akiondoka, darasa lake nalo litafungwa, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kumaliza kofia. Kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, alisema kweli tupu. Jumanne iliyofuata Mwalimu aliwaita akina mama wote, mlango ukiwa wazi, akatunga uzi kwenye sindano, akaupitisha ndani ya kila kitanzi, akavivua vitanzi kwenye misumari, akavuta. Utosi ukajikunja kama mdomo wa mfuko wa kamba. Akapiga fundo.

Bathsheba akauliza, "Mwalimu, ni hiyo tu? Na ndizi zangu zote?"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu alijibu bila kuinua macho kwamba ndizi anazo shambani kwake, hajawahi kukosa. Mumewe alifariki zamani na wanawe wako Nairobi. Alichoogopa, alisema, ni kwamba wakishaujua mshono ule, hakuna atakayepita tena mlangoni kwake. Kicheko kikakatika, na wengi wetu tukatafuta leso.

Darasa linaendelea, chini ya Gesare, mwanafunzi wake wa zamani. Kofia ya kwanza aliyoifunga Bathsheba imekaa upande, na anaivaa kwa majivuno hivyo hivyo.

Mwalimu, asante kwa vichwa vyote ulivyovikinga na baridi. Zawadi yako ni kofia hii ya buluu, iliyofumwa na akina mama wote, kila mmoja safu yake. Utosi wake uko wazi. Usidhani tumesahau somo. Sasa kila mmoja wetu anaweza kuufunga. Tumeuacha kwa makusudi, na Jumapili tutakuletea na za kwetu, zikiwa wazi vilevile. Tunakutakia mapumziko mema. Injika chai, ndizi zinakuja.