Mama Koma na Neno Lililofutwa

Katika jengo hili la Bunge hakuna mchapaji wa kunifikia mimi: vidole vyangu vinaupita mdomo wa mbunge yeyote, na kidato cha pili nilichoishia kinawatosha maprofesa watatu. Ndiyo maana jarida letu limenikabidhi mimi kumuaga Mama Koma, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na sita ya uwakili na ishirini na miwili ya ubunge.

Alianzia chumba kimoja juu ya duka la viatu: meza moja, viti viwili, mteja wa tatu asimame. Mahakamani alisoma mikataba kwa sauti, na kila penye mkato akatamka "koma!" Shahidi mmoja akadhani anakaripiwa, akafunga mdomo jumla. Jina likaganda. Hata mumewe hulitumia, ila akiwa chumba cha pili.

Mimi huniita "mwanangu" nikipatia, "bwana mkubwa" nikiharibu. Nimeitwa bwana mkubwa mpaka walinzi wananipigia saluti.

Kazi yake kubwa ni sheria ya wajane, aliyoipigania miaka tisa. Aliandika: "Mjane hataondolewa nyumbani pamoja na watoto wake." Ilipopita tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mwaka haujaisha, shemeji mtu akamtoa nje fundi cherehani mmoja, mjane, na wanawe watatu. Akashinda kesi! Sheria iliyochapishwa ilisomeka: "Mjane hataondolewa nyumbani na watoto wake." Wakili wa shemeji akasema waliokatazwa kumtoa ni watoto tu, mashemeji ruksa.

Mama Koma alisimama bungeni, akasema kosa ni lake peke yake, akaomba radhi. Kisha akahangaika na marekebisho kamati hadi kamati, mguu wake mbovu ukivimba. Mwezi Machi yakapita. Fundi amerudi kwake, na cherehani yake inalia tangu asubuhi.

Asante, Mama. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke, na siku zako zote ziwe nyepesi.

Ila hili ulijue kabla hujatoka getini. Nakala uliyoisaini ilikuwa sahihi. Nilipoichapa upya ya kwenda mtamboni, mstari ulizidi ukurasa, nikaona "pamoja" linajaza nafasi bure, nikalifuta. Hukuniuliza, nami nikanyamaza. Miezi kumi na moja fundi yule alilala barazani kwa dada yake na watoto wake, kwa sababu yangu.