Urefu wa Florian, Ufupi Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Hakimu, Baba Paroko, ndugu wageni waalikwa, na wazee wangu mliopanda kutoka mwambao wa ziwa, shikamooni.

Ninyi wa meza za nyuma mnaosikia sauti bila kuona mtu, msihangaike, Ottilia yupo. Wamenitafutia kreti ya soda nisimamie, na bado kipaza sauti kinanizidi. Leo nastaafu ustawi wa jamii, kazi ya kusindikiza watoto mahakamani, na sijui kama kuna mtu aliyewachanganya askari kuliko mimi. Kule Songea mmoja aliwahi kunishika mkono mlangoni pa mahakama: "Binti, watoto hawaruhusiwi, msubiri mama yako nje." Nilikuwa na wajukuu wawili! Alipoona mvi, aliniamkia mpaka ikawa kero. Nami, badala ya kukasirika, nilifurahi wiki nzima na kuwasimulia hata wasioniuliza.

Sasa, kama mimi kwa ufupi wangu nilifanywa mtoto, mtoto mrefu atafanywa nini?

Mheshimiwa Hakimu, ziba masikio kidogo, kesi hii si yako. Wengine mnamfahamu Florian wa Mbaha. Alikuwemo mtumbwini siku ya ugomvi wa nyavu, mtu akauawa, naye akashtakiwa kwa mauaji pamoja na watu wazima. Mpelelezi alimtazama kuanzia miguuni hadi utosini, akaandika miaka ishirini. Cheti cha kuzaliwa hana. Tangu hapo analala mahabusu na wanaume wenye ndevu, na kesi inakwenda kana kwamba ni mmoja wao. Inaniuma sana.

Tadea, mwanangu, hebu simama. Huyu mnayemwona na sketi ya shule ni pacha wa Florian. Ana miaka kumi na sita, na nikishuka kwenye kreti tunalingana. Je, pacha anaweza kumzidi mwenzake miaka minne?

Aliyewapokea wote wawili walipozaliwa yumo humu ukumbini, anachambua samaki wake, mbasa. Mama Walburga, mkunga wetu, shikamoo tena. Jumatatu Mahakama Kuu itauliza umri wa Florian, na wewe umekataa kwenda kwa sababu marehemu alikuwa jirani yako. Nakuelewa, hata mimi nilimlilia. Kama Florian ana hatia, mahakama itasema. Wewe nakuomba useme alizaliwa lini, basi. Usipokwenda watampima kwa macho, na mmesikia macho hayo yalivyonipima mimi.

Nimeambiwa zawadi yangu ni jokofu. Nashukuru mno, ila rafu ya juu sitaifikia. Nipeni badala yake gari la kwenda Songea Jumatatu, na mtu wa kukaa pembeni yangu.

Mama Walburga anainuka. Jamani, ananawa mikono! Mama, gari ni Jumatatu, na hata sijamaliza.

Basi, asanteni kwa kunisikiliza hata mlipokuwa hamnioni. Nashuka kwenye kreti sasa, nimpelekee taulo.